Mkojo hupungua kabla kreatinini haijapanda

Nikipokea zamu, kitu cha kwanza ninachokiangalia kwa mgonjwa aliye hoi ni mfuko wa mkojo. Wanafunzi wa uuguzi wanaokuja kwenye wodi yetu hapa Dar es Salaam wengi hukimbilia faili kutafuta majibu ya maabara. Majibu ni muhimu, ila yanachelewa.

Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, na figo ndizo zinazoitoa mwilini. Figo zikiumia leo, inaweza kupita siku nzima au mbili kabla kiwango chake kwenye damu hakijapanda cha kutosha kuonekana. Kwa bibi aliyekonda ni hatari zaidi: misuli yake ni michache, kwa hiyo namba huweza kuonekana nzuri ilhali figo zimeshachoka.

Mkojo hauna subira hiyo. Figo mbili huchuja takriban lita 180 kwa siku, karibu zote zikarudishwa mwilini, na kinachotoka ni kama lita moja hadi mbili tu. Kazi hiyo inahitaji damu nyingi: takriban moja ya tano ya damu inayosukumwa na moyo huenda figoni. Mgonjwa akiharisha sana, akivuja damu baada ya kujifungua, au presha ikishuka, mkojo hupungua ndani ya saa chache.

Hesabu yake ni rahisi. Mtu mzima anatakiwa kutoa walau nusu mililita kwa kila kilo ya uzito wake kila saa. Mama wa kilo 60 anatakiwa kutoa mililita 30 kwa saa, yaani 180 kwa saa sita. Akitoa 90, tayari ametimiza vigezo vya jeraha la figo la ghafla. Mwite daktari, hata kama kreatinini ya asubuhi ilikuwa safi.

Lakini hesabu hiyo inategemea chati iliyojazwa kweli. Wodi zetu zina ndugu wanaouguza, na wanatusaidia mno. Dada wa mgonjwa anaona chupa imejaa, kwa upendo wake anaimwaga na kuisuuza, na vipimo vya usiku mzima vinaishia chooni. Mimi humweleza mapema: "Dada, usimwage kabla hujaniita, huo mkojo ndio kipimo chetu." Akishajua sababu, analinda chupa ile kuliko sisi. Na tafadhali wenzangu, tusiandike "amekojoa vizuri". Andika mililita.

Mkojo usipotoka kabisa, usikimbilie kulaumu figo. Fuata mpira wa mkojo kutoka kwa mgonjwa hadi kwenye mfuko: umejikunja? Ameulalia? Una bonge la damu? Kisha weka mkono juu kidogo ya kinena.

"Shikamoo mzee. Unakojoa?"

"Marahaba, mwanangu. Nakojoa, ila kidogo kidogo, usiku kucha."

Hilo jibu lisikupite. Ukipapasa unakuta uvimbe wa mviringo unaokaribia kitovu, na ukigonga kwa kidole unasikia mlio mzito: ni kibofu kilichojaa. Figo zinatengeneza mkojo, njia imebanwa, mara nyingi na tezi dume, na kile "kidogo kidogo" ni ziada inayofurika. Dawa ya kukojosha hapa ni kumtesa, anahitaji mpira. Mkojo ukiendelea kukaa hapo, msukumo hurudi juu na kuziumiza figo zenyewe.

Rangi nayo naiandika. Mkojo wa rangi ya chungwa kwa anayemeza rifampisini ya kifua kikuu ni kawaida, na mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajaogopa na kuacha dawa. Damu inayotokea mwishoni mwa haja ndogo hunifanya niulize kuhusu kichocho. Mapovu yasiyoisha, pamoja na macho yaliyovimba asubuhi, hunipeleka kwenye kipimo cha protini.

Swali ninalolisisitiza kuliko yote ni la dawa za maumivu. Ukimuuliza mtu wa hapa mjini kama anatumia dawa yoyote, atakwambia hapana. Ukimuuliza anameza nini mgongo ukiuma, anataja diklofenaki ya duka la dawa, wiki hadi wiki. Dawa hizi hupunguza damu inayofika kwenye figo, na kwa mtu aliyeishiwa maji madhara huja haraka. Naandika jina, dozi na muda aliotumia, juu kabisa ya faili, na wakati wa kukabidhi zamu nalitamka kwa sauti.