Mbwa Aliyefunzwa Choo Hutegemewa kwa Kiasi Gani?

Mwezi uliopita familia moja iliniletea dume wa miaka 4, Japanese Spitz mweupe aliyetunzwa vizuri, kwa lalamiko ambalo daktari yeyote wa mifugo anayetibu wanyama wa nyumbani hapa Nairobi amelizoea: mbwa ambaye hakuwahi kukosea hata siku moja alikuwa ameanza kukojoa sebuleni. Walikuwa wamehama kutoka nyumba yenye uwanja huko Ongata Rongai wakaingia ghorofa ya 7 Kileleshwa. Mama mwenye nyumba aliniuliza, "Daktari, si huyu alikuwa ameshafunzwa?" Nilipomwomba anieleze ni sehemu gani hasa ya sebule, alisema ni juu ya zulia, kila mara juu ya zulia, ilhali vigae vilivyolizunguka havikuwahi kuguswa. Kwa miaka 4 mbwa yule alikuwa akitoka alfajiri, akikanyaga kitu laini chenye nyuzi, na kukojoa. Katika jumba jipya alikuta saruji ya maegesho, ngazi, lifti na vigae, na kitu kimoja tu kilichofanana na nyasi. Alikwenda palepale miguu yake ilipofundishwa kwenda.

Neno "amefunzwa" limewadhuru mbwa wengi ninaowafahamu. Tunalitumia kama tunavyosema kwamba mtoto ameacha kukojoa kitandani, tukimaanisha jambo limekwisha na halitarajiwi kurudi. Kwa mbwa, tabia hiyo hushikiliwa na mwili wake, saa za siku, mahali anapokanyaga na mtu anayemfungulia mlango, na kimojawapo kikibadilika, hata kama mbwa ni yuleyule, tabia inaweza kulegea ndani ya siku chache. Ninaumia kila ninapomwona mbwa akirudishwa kwa aliyemtoa, au akifungiwa bandani usiku na mchana kwa sababu ya mkojo, wakati mazungumzo ya nusu saa yangetosha kuonyesha ni kitu gani kilichobadilika.

Ni vyema kuanza na jinsi tabia yenyewe inavyojengeka. Mtoto wa mbwa anapozaliwa hawezi hata kukojoa mwenyewe. Mama yake humlamba chini ya mkia ndipo mkojo na kinyesi vitoke, navyo huvilamba vyote, na kwa hiyo mahali wanapolala hubaki pasafi. Ifikapo takriban wiki ya 3, watoto huanza kujikokota hadi pembeni ili wajisaidie mbali na walipolala. Kuanzia wiki ya 8 au ya 9 hivi, nyayo na pua zao huanza kuchagua aina ya ardhi, na anachokizoea mtoto wa mbwa katika kipindi hicho, kiwe nyasi, mchanga, gazeti au saruji, ndicho atakachokitafuta baadaye kibofu kinapojaa. Hii ndiyo sababu ninawauliza wenye mbwa mahali alipolelewa kabla hawajamnunua. Aliyekulia katika kizimba kidogo, akalazimika kulala juu ya uchafu wake kwa sababu hakuwa na pa kwenda, amepokonywa ile hamu ya kuzaliwa nayo ya kulala pasafi, na kumfunza ni kazi ndefu zaidi kwa mwenye nyumba asiyejua kwa nini mbwa wa jirani alijifunza kwa wiki tatu na wake bado.

Hapo pana mgongano ambao sisi madaktari tunausababisha kwa nia njema. Tunawaonya watu wasimtoe mtoto wa mbwa barabarani kabla hajakamilisha chanjo, ambayo dozi zake za mwanzo huendelea hadi takriban wiki ya 16, kwa sababu virusi vya parvo huweza kukaa kwenye udongo kwa miezi mingi na huua watoto wa mbwa haraka. Mtu wa ghorofani anatii, anatandika magazeti jikoni, na miezi miwili baadaye ana mbwa anayeamini kwa dhati kwamba choo ni karatasi iliyo ndani ya nyumba. Mimi sasa ninapendekeza beseni pana la bapa lenye nyasi halisi kwenye roshani, nyasi zilizotoka mahali ambapo mbwa wengine hawapiti, zibadilishwe zinapoanza kunuka. Ni usumbufu, hasa kwa mpangaji ambaye msimamizi wa jumba humkodolea macho akipandisha udongo kwa lifti, lakini mbwa akishafikia umri wa kushuka chini, nyasi huwa ameshazijua.

Kuhusu saa, wengi wetu hudai mwili wa mbwa ufanye usichoweza. Kwa kipimo cha kukadiria, mtoto wa mbwa anaweza kujizuia mchana kwa saa zinazolingana na umri wake kwa miezi, pengine na saa moja zaidi. Wa miezi 3, kwa hiyo, ni saa 3 au 4 hivi, tena akiwa ametulia, kwani akicheza, akiamka au akimaliza kula huhitaji kutoka mara moja. Mbwa mzima mwenye afya anaweza kungoja saa 8, ingawa si jambo la kumtakia kila siku. Sasa fikiria mwenye mbwa anayetoka nyumbani saa 12 asubuhi ili awahi kabla ya msongamano wa Barabara ya Thika, akarudi saa 2 usiku. Hizo ni saa 14, na hakuna mafunzo yanayoongeza ukubwa wa kibofu.

Nyumba nyingi ninazozijua mwanya huo huzibwa na dada wa kazi, au na mlinzi wa lango anayemshusha mbwa adhuhuri kwa hisani tu. Nimeona mara kadhaa mbwa "akisahau" mafunzo yake katika wiki ileile dada alipokwenda nyumbani kwao kwa likizo au alipoacha kazi. Mwenye mbwa hakuwa anadanganya aliposema mbwa wake hutegemewa. Hakujua tu kwamba aliyekuwa anategemewa ni dada, ambaye kwa miaka miwili alimsoma mbwa yule vizuri kuliko mtu mwingine yeyote, akamfungulia mlango kabla hajalia, na hakuna aliyewahi kumuuliza alikuwa anaona dalili gani. Ukiwa na mtu wa namna hiyo nyumbani, kaa naye umuulize, na umshukuru.

Mvua nayo hubadilisha mengi. Kati ya Machi na Mei, mbwa wadogo wenye manyoya mafupi hufika mlangoni, huinusa hewa, hukanyaga nyasi zilizolowa kwa mguu mmoja na kurudi ndani wakiwa bado wamejaa. Mwenye mbwa aliyesimama barazani na kumsukuma tu aende hataona kwamba hakukojoa. Toka naye na mwavuli, simama naye hadi amalize, na umpe kipande cha nyama palepale nje, kwa kuwa mbwa anayezawadiwa baada ya kurudi jikoni anajifunza kwamba kurudi jikoni kuna faida.

Si kila mkojo unaopatikana ndani ya nyumba unahusu choo. Dume anayeinua mguu na kuacha matone machache kwenye mguu wa meza, kona ya kochi au mkoba wa mgeni anatia alama, na kibofu chake hakikuwa kimejaa. Kumhasi hupunguza sana tabia hiyo kwa takriban nusu ya madume au zaidi, lakini si kwa wote, na ninaona ni haki wenye mbwa waambiwe hivyo kabla ya upasuaji. Mbwa mchanga anayejikojolea huku ameinama, masikio yamelala na mkia umebanwa anaonyesha unyenyekevu, na kumkaripia kunaongeza hasa kile kinachomkojoza. Yeye husaidika ukiingia nyumbani kwa utulivu, bila kumwinamia, ukamwacha aje mwenyewe.

Nikiri kwamba jambo linalonifanya nilizungumzie somo hili kwa uchungu ni adhabu. Bado kuna watu wanaomshika mbwa shingo na kumsugulia pua kwenye mkojo uliokauka, wakiamini kwamba anajua alichofanya kwa sababu "anaonekana ana hatia." Mwaka 2009 Alexandra Horowitz wa Chuo cha Barnard, New York, aliwachunguza mbwa 14 pamoja na wenyewe. Mwenye mbwa alimkataza asile kipande cha chakula, kisha akatoka chumbani. Aliporudi aliambiwa kama mbwa amekila au hakukila, na mara nyingine alichoambiwa hakikuwa kweli. Ule uso wa hatia ulifuata karipio la mwenye mbwa, wala haukufuata kosa, na ulionekana wazi zaidi kwa mbwa waliokaripiwa ilhali walikuwa wametii. Mbwa anayejikunyata mlangoni unaporudi jioni anausoma uso wako na mwendo wako. Akipigwa, funzo analolipata ni kwamba kukojoa mbele ya mtu ni hatari, na tangu siku hiyo atakwenda nyuma ya pazia, na hata ukimtoa nje kwa kamba atajizuia kwa sababu wewe upo. Wapo wanaofikia hatua ya kula kinyesi chao, na nyumba nzima hushangaa.

Kuna upande wa tiba ambao haupaswi kungoja. Mbwa mzima aliyekuwa na tabia nzuri akibadilika ghafla, mimi huanza na mwili kabla ya kufikiria mafunzo. Jike aliyefungwa kizazi, hasa wa aina kubwa kama German Shepherd au Rottweiler, anaweza kuvuja mkojo akiwa amelala kwa sababu misuli inayofunga njia ya mkojo imelegea, wakati mwingine miaka mingi baada ya upasuaji. Dalili yake ni duara la unyevu palepale alipolala, naye huamka na kulishangaa. Kuna dawa, na nyingi ya kesi hizi hutulia vizuri. Jike asiyefungwa kizazi anayekunywa maji mengi na kukojoa ovyo wiki chache baada ya kutoka kwenye joto lake anaweza kuwa na usaha katika mji wa mimba, na huyo aletwe siku hiyohiyo. Maambukizi ya njia ya mkojo, kisukari na maradhi ya figo hujitokeza pia kwa mlango huu. Vivyo hivyo vidonge vya prednisolone, ambavyo mbwa wengi hupewa kwa ajili ya mwasho wa ngozi: huongeza kiu na mkojo, na mwenye mbwa asipoonywa atadhani mbwa amekuwa mtundu. Pima maji anayokunywa. Yakizidi mililita 100 kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku, yaani lita 1 kwa mbwa wa kilo 10, hapo kuna jambo la kuchunguzwa.

Mbwa wazee nitawagusia kwa ufupi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California kilichoko Davis walieleza mwaka 2001 kwamba asilimia 28 ya mbwa wa miaka 11 hadi 12, na asilimia 68 ya wale wa miaka 15 hadi 16, walikuwa na angalau dalili moja ya kuzorota kwa akili, na kujisaidia ndani ni mojawapo ya dalili hizo. Mzee wa namna hiyo anahitaji kutolewa mara nyingi zaidi, taa iachwe ikiwaka usiku, na asipandishwe ngazi bila msaada.

Usafi nao una makosa yake. Watu humwaga Jik juu ya mkojo mbichi, na klorini ikikutana na amonia ya mkojo hutoa hewa inayochoma macho na mapafu, ya mbwa na ya mtoto anayetambaa. Kausha kwanza kwa kitambaa bila kusugua, osha kwa maji baridi, kisha tumia kisafishaji chenye vimeng'enya kinachouzwa katika maduka ya mahitaji ya wanyama, ukiache muda wote ulioandikwa kwenye chupa. Wakati wa mgao wa maji najua kishawishi cha kupangusa tu na kusubiri mfereji urudi, lakini pua ya mbwa itamrejesha palepale usiku huo.

Kwa hiyo mtu anayetaka kumpa jirani au rafiki mbwa wake akiniuliza aandike nini, humwambia aeleze hali halisi: hukojoa juu ya nyasi, hutolewa saa 12 asubuhi, saa 7 mchana na saa 3 usiku, hukaa peke yake kwa muda wa saa 6 bila shida, husimama karibu na mlango lakini habweki. Anayempokea naye amchukue kama mtoto wa mbwa kwa wiki 2 za kwanza, amtoe mara nyingi na asimwachie nyumba nzima, hata kama kwao alikuwa hajakosea kwa miaka.

Yule Spitz wa Kileleshwa tuliviringisha zulia, tukamwekea beseni la nyasi kwenye roshani, na tukapanga ashushwe kwenye ukanda mwembamba wa nyasi ulio kando ya ukuta wa jumba. Mkojo wake nilikuwa nimeupima kwanza na haukuwa na tatizo. Ikiwa nawe unamleta wako kwa lalamiko kama hili, kinga mkojo wa kwanza wa asubuhi kwa kijiko kirefu cha kuchotea mchuzi kilichooshwa vizuri, uutie kwenye chupa safi yenye kifuniko, uuhifadhi kwenye friji kama utachelewa, na ufike nao siku hiyohiyo. Njoo pia na yule mtu anayemfungulia mbwa mlango.