"Kwa asili" si "kwa kawaida"

Kila unapotokea ukatili mkubwa, haupiti muda mrefu kabla mtu hajatamka kwamba binadamu kwa asili ni mbaya. Na kila watu wanapojitosa kuwaokoa wasiowajua, mwingine hutamka kwamba binadamu kwa asili ni mwema. Kauli zote mbili huweka neno asili mahali palipostahili neno kawaida, na nimezisikia mara nyingi mno.

Asili ya kitu ni kile ambacho kitu hicho huanza nacho, kabla hakijaguswa na malezi, mafunzo wala mazingira. Maana yake ni hiyo tu.

Neno lenyewe tumelipata kwa Kiarabu, ambako hutaja chanzo cha jambo na pia mzizi wa mti, na mzizi si tunda. Linaloleta utata zaidi ni jirani yake, tabia. Katika Kiarabu neno hilo humaanisha maumbile yenyewe, kutokana na shina lenye maana ya kupiga chapa, lile lile lililotupatia matbaa, yaani kiwanda cha uchapaji. Kiswahili kililipokea kikaligeuza: kwetu tabia huigwa, hufunzwa na huachwa, na hakuna anayeshangaa mzazi akimwambia mwanawe abadili tabia, ingawa sote tungeshangaa akimwambia abadili asili. Methali zetu zimeishika tofauti hiyo vizuri kuliko sisi tunaozinukuu. "Mtoto wa nyoka ni nyoka" huzungumzia asili, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo" huzungumzia tabia, lakini hutajwa kana kwamba zinajibu swali moja.

Wanafalsafa nao hubebeshwa wasiyoyasema. Mengzi, aliyeishi China katika karne ya 4 kabla ya Kristo, hutajwa kuwa alidai watu ni wema, ilhali hoja yake ilikuwa na mipaka: mtu akimwona ghafla mtoto anakaribia kutumbukia kisimani, moyo wake hushtuka kabla hajawaza sifa wala faida. Mshtuko huo aliufananisha na chipukizi, na chipukizi lisipotunzwa hunyauka. Xunzi, katika karne iliyofuata, alimpinga waziwazi akisema kwamba asili ya mtu ni mbaya na wema ni matokeo ya juhudi, kama ubao uliopinda unavyohitaji mvuke na kubanwa ndipo unyooke. Hata hivyo aliamini kwamba mtu yeyote wa barabarani anaweza kufikia hekima ya juu kabisa. Wawili hao waliopingana juu ya asili walikubaliana juu ya haja ya mafunzo, jambo ambalo lisingewezekana kama asili ingekuwa hukumu ya mwisho. Hata Thomas Hobbes wa Uingereza, anayetajwa sana na wanaoamini ubaya wa binadamu, aliandika mwaka 1651 kwamba tamaa za mtu zenyewe si dhambi. Vita vya kila mtu dhidi ya kila mtu alivihusisha na kukosekana kwa mamlaka inayoogopwa na wote.

Kwa hiyo anayeumizwa na habari za mauaji hakosei kusema kwamba watu wametenda ubaya mkubwa, wala hakosei akisema kwamba hutenda hivyo mara kwa mara. Ninachomwomba ni aliache neno asili mpaka atakapokuwa tayari kueleza mtu huyo alianza na nini, kabla hajafunzwa kumchukia mwenzake.