Mjomba, nikirudi Mtwara si nitasevu?

Wiki iliyopita nimetumiwa voisi ya dakika nne na kijana wa dada yangu, yuko Dar, fundi simu, ana kibanda pembeni pembeni ya Kariakoo. Shikamoo mjomba, za huko nyumbani, korosho vipi, bibi mguu umepona, yani dakika mbili nzima za salamu, alafu ya tatu ndo ikatoka yenyewe. Mjomba mimi hapa Tabata nalipa laki mbili, chumba na sebule, nasikia huko Mtwara kitu kama hicho ni elfu themanini. Sasa nikirudi si nasevu laki na ishirini kila mwezi? Kwa mwaka milioni moja na laki nne na arobaini mjomba, hicho si kiwanja hicho?

Ni wa tatu mwezi huu. Wa kwanza alikuwa mwalimu, wa pili mama mmoja mstaafu, wote hesabu ni ile ile, wanachukua kodi ya Dar wanatoa kodi ya Mtwara, kinachobaki wanakiita akiba. Mimi ni mthamini (sio dalali, jamani, dalali anakupeleka kuona nyumba, mimi naandika ripoti ya thamani yake na kusaini) na hii hesabu ya kutoa nimeisikia mpaka nimechoka, so leo naandika, nitakuwa nawatumia linki.

Kwanza kabisa kodi sio faini. Watu wanaongea kama vile mwenye nyumba wa Tabata ana roho mbaya na mwenye nyumba wa Chuno, huku Mtwara, ni mchamungu. Wote wawili wanachukua kile ambacho mpangaji yuko tayari kutoa, basi. Kuna Mwingereza David Ricardo aliliandika hili mwaka 1817, akiongelea nafaka: nafaka haiwi ghali kwa sababu shamba linalipiwa kodi kubwa, ila shamba linalipiwa kodi kubwa kwa sababu nafaka ni ghali. Mkulima wa Tandahimba hahitaji Ricardo hapo. Korosho ikivuka 4,000 kwa kilo mnadani, mwenye shamba anayekodisha mikorosho anajua cha kufanya msimu unaofuata, na hajasoma uchumi. Kwa iyo ukiona chumba Tabata ni laki mbili, jiulize watu wanaokigombania wanapata nini hapo jirani mpaka wakubali kuitoa. Wanapata wateja, na wewe fundi simu unapata foleni ya watu wenye vioo vilivyopasuka kuanzia saa mbili asubuhi. Ndani ya ile laki mbili umeshalipia na ile foleni.

Hapo watu wananielewa vibaya upande wa pili. Wanasema aha, so mji ghali ndo mzuri, ghali ni dalili ya fursa. Hapana bwana! Na hapa ndo panaponikera kuliko pote, kwa sababu anayenijibu hivo mara nyingi ni mtu wa Mtwara, na mtu wa Mtwara kabisa hatakiwi kusahau kwamba sisi wenyewe tulishawahi kuwa mkoa ghali.

Mmeshasahau? 2012, 2013. Gesi imegundulika baharini, meli za utafiti zinakuja bandarini, wazungu wanashuka, kila mwenye nyumba Shangani ya hapa Mtwara anataka dola. Nakumbuka nyumba moja, vyumba vitatu, bati zimeshika kutu upande wa bahari, niliipima mwenyewe na tepu huku mbwa wa jirani ananibwekea saa nzima. Alikuwa anakaa mwalimu wa sekondari na familia yake, analipa laki mbili. Mwenye nyumba akampa notisi, vitu vikapakiwa kwenye kirikuu mchana kweupe, kabati likafungwa kamba ya katani, akakopa benki akaweka jipsamu, tailizi, AC kila chumba, geti la kuteleza. Akaniambia andika dola elfu moja na mia tano kwa mwezi, jirani hapo anapata hiyo.

Sasa mjue kwenye uthamini tunatumia mauzo ya kulinganisha, unatafuta nyumba zinazofanana na yako ambazo zimepangishwa karibuni unaangalia zimelipwaje. Nikatafuta, nikapata tano, nikafurahi. Miaka mitatu baadaye nimekaa na lile faili ndo nikaona nilichofanya: nyumba nne kati ya zile tano zilikuwa bei za kuombwa. Hakuna mtu aliyekuwa amezilipa. Ni wenye nyumba wanne waliokuwa wamesikia kwa mwenzao kwamba jirani anapata dola elfu moja na mia tano, na mimi mtaalamu nikaja nikaziweka kwenye jedwali, nikapiga wastani, nikasaini. Moja tu ndo ilikuwa na mkataba, na yule mpangaji alikuwa kampuni, anakaa miezi sita.

Ile Mtwara ilikuwa ghali bila foleni ya wateja. Ilikuwa ghali kwa tetesi. Katikati ya 2014 bei ya mafuta duniani ilianza kuporomoka, ikatoka juu ya dola mia kwa pipa ikaenda chini ya hamsini ndani ya miezi kama sita saba hivi, kampuni zikapunguza kuchimba, na anayechimba ndo aliyekuwa anapanga nyumba. Gesi yenyewe haipangi chumba. Bomba lilizinduliwa Oktoba 2015, gesi ikaanza kwenda Dar, ile ile ambayo watu waliingia barabarani Mei 2013 wakisema haitoki, na bomba likishafukiwa linahitaji watu wachache sana. Nyumba ya Shangani nilienda kuipima tena 2016, safari hii benki ndo imenituma. Nyasi zimepita dirisha. AC mbili zimeshang'olewa.

Wazee wa Nachingwea wangetuambia kama tungeuliza. Mpango wa karanga wa Waingereza baada ya vita kuu ya pili ulikuja hivo hivo, 1947, wakajenga reli kwenda Nachingwea, bandari ya Mtwara unayoiona leo chanzo chake ni huo, karanga zikakataa, mpango ukafa 1951, na reli ikaja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60. Na sasa hivi Lindi, Likong'o, kwenye eneo la mradi wa kuchakata gesi kimiminika, mkataba wa awali ulisainiwa mwezi wa sita 2022, kuna watu pembeni ya mradi wameshikilia viwanja vya skwata wanataja bei utafikiri meli imeshatia nanga. Siwacheki. Mimi mwenyewe, ngoja nifike huko chini.

So ghali ziko mbili. Kuna ghali ya mahali ambapo watu wengi wanapata hela leo, na kuna ghali ya mahali ambapo watu wengi wanategemea kupata kesho. Ukiangalia kodi tu huwezi kuzitofautisha, zote zimeandikwa kwa namba. Mimi naangalia nani analipa, analipa toka lini, na akitoka chumba kinakaa wazi siku ngapi.

Turudi kwa mpwa wangu. Kitu kingine anachokosea ni kudhani kodi ikishuka na vingine vyote vinashuka nayo, wakati vingi havijui uko mkoa gani. Umeme wa LUKU bei ni moja nchi nzima. Bando la simu ni moja. Petroli EWURA, wale wanaodhibiti bei za nishati, wanatangaza kila mwezi bei ya Dar, ya Tanga na ya Mtwara, na yetu mara nyingi imezidi kidogo ya Dar. Sukari, sabuni, nondo, daftari za shule, vingi vinapanda lori Dar vinakuja kilomita mia tano na kitu, na barabara yenyewe mnaijua, 2024 mwezi wa tano kimbunga Hidaya na zile mvua barabara ikakatika huko Kilwa, mabasi yakakwama siku kadhaa, na nyanya hapa sokoni zikapandishwa hata zile ambazo hazikutoka Dar. (Simenti tu ndo tunashukuru, inatengenezwa hapa hapa.) Kinachoshuka kweli ni samaki, nazi, mihogo, na muda. Muda sio utani, mtu anatoka kazini saa kumi na nusu, saa kumi na moja kasoro yuko kwenye kibaraza chake, Tabata muda huo bado yuko kwenye foleni ya mataa.

Nikakaa na hesabu yake. Dar akishalipa fremu anabaki na kama laki saba. Huku simu za kutengeneza zipo ila chache, na kioo lazima kitoke Kariakoo kwa basi, mteja anasubiri siku mbili au anaamua kuendelea na ufa wake. Nikamkadiria laki nne na nusu, nikampandisha hadi laki tano kwa kuwa ni mpwa wangu. Kapoteza laki mbili. Kwenye kodi anaokoa laki na ishirini. Nauli, Dar daladala mbili kwenda mbili kurudi ni kama elfu sabini kwa mwezi, hapa bodaboda buku kwenda buku kurudi siku ishirini na sita ni elfu hamsini na mbili, anaokoa kumi na nane. Chakula nikampa arobaini. Jumla ni laki moja sabini na nane dhidi ya laki mbili, yani hasi elfu ishirini na mbili. Kile kiwanja chake cha kila mwaka kimeyeyuka.

Lakini, na hii kwenye ripoti ya ofisi nisingeiandika, hesabu yote hiyo imesimama juu ya ile laki tano ambayo nimeitoa kichwani. Ifanye laki tano na nusu tu, jibu linageuka, anapata faida. Na huku hela haiji kwa mwezi, inakuja kwa msimu. Kuanzia mwezi wa kumi hela ya korosho ikiingia watu wananunua simu, wanatengeneza simu, wanapeana simu, fundi hali chakula cha mchana. Mwezi wa nne anacheza bao. Kuna wenye nyumba wa Newala na Masasi wanasubiri kodi ya mwaka mzima mpaka mnada upite, kwa hiyo ile "elfu themanini kwa mwezi" ni namba ya kuongelea tu, ukweli wake ni laki tisa na sitini unayotakiwa uwe nayo Desemba. Na msimu ukichafuka kila mtu anachafuka, 2018 serikali ilipoamua kununua korosho yenyewe kwa 3,300 kwa kilo na malipo yakachelewa kwa wengi, waliolia sio wakulima peke yao, mama ntilie walilia, mafundi walilia. Mshahara wa wastani wa miezi kumi na mbili hauonyeshi hilo.

Kwa mtumishi wa serikali ni rahisi, ngazi ya mshahara ni ile ile awe Temeke au Tandahimba, kama hana kibiashara chake Dar basi aje, sibishani. Na anayekaa Mbagala mwaka wa sita anauza vitafunwa ambavyo angeviuza Mikindani kwa faida ile ile, huyo analipa kiingilio cha mpira alafu anakaa nje ya uwanja, na yeye aje.

Mimi? Nilirudi 2012. Nilikuwa na kiwanja Goba, nikakiuza milioni sita, nikaona Dar ghali, Mtwara ndo inakuja, nikanunua viwanja viwili Mangamba, kwa bei ya wakati ule wa dola, mimi mthamini. Cha Goba leo sitaki kuuliza kinauzwaje, mke wangu ameshauliza na nilitoka nje kwenda kuangalia kuku. Kwenye kulinganisha miji nimeongelea kodi tu mpaka sasa na kuna watu watasema mbona hujaongelea anayenunua, ndo hivo, kwa anayenunua ule ughali ndo unaomlipa baadaye, na mimi niliuuza. Upande mwingine mama yangu aliugua miaka minne na nilikuwa namwona kila siku jioni, dakika kumi na tano kwa pikipiki. Kwenye jedwali langu hakuna safu ya hiyo na nimejaribu kuiweka, kwa kweli sijui niandike shilingi ngapi. Siku nyingine naona nimepigwa, siku nyingine naona nimelipwa kuliko wote.

Nikamtumia hayo yote kwa maandishi, marefu kama haya, na ile hasi elfu ishirini na mbili nikaipigia mstari. Amejibu jana usiku saa tano. Anauliza kile chumba cha elfu themanini, cha Chuno, kina tanki la maji.

Hakina. Nimemwambia.