Kimenyooka, lakini bado kina mkazo

Wengi wanaoanza kuchapa metali kwa leza, yaani kujenga kipande tabaka kwa tabaka kwa kuyeyusha poda, huamini kwamba kipande kikionekana kimenyooka juu ya bamba la mashine, kazi imekwisha, kilichobaki ni kukikata. Ukweli ni kwamba kimenyooka kwa sababu bamba limekishikilia. Nimewahi kusimama kando ya mashine ya kukata kwa waya, nikitazama mkono mwembamba wa chuma ukitenganishwa na bamba, nguzo zilizoushikilia zikikatwa moja baada ya nyingine. Kadiri waya ulivyosonga, ncha iliyokwisha kuachiwa ilianza kuinuka polepole, bila mtu kuigusa. Nguzo ya mwisho ilipokatwa, ule mkono ulikuwa umepinda kama ukucha. Mkazo, yaani nguvu zinazovutana na kusukumana ndani ya metali yenyewe, ulikuwamo tangu siku mkono ulipochapwa, ila haukuwa umepata upenyo.

Hapo ndipo lawama huanza: mashine mbovu, poda mbaya, fundi mzembe. Naomba tuwe waadilifu, maana mkazo huu unatokana na namna yenyewe ya kazi. Leza huyeyusha tabaka jembamba la poda, mara nyingi la mikroni 30 hadi 60 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita), nalo huganda kufumba na kufumbua. Likipoa hutaka kusinyaa, lakini limeshaungana na metali ya chini iliyokwisha kupoa, isiyokubali kusogea. Basi hubaki limevutika. Piga hesabu mwenyewe kwa chuma cha pua aina ya 316L. Kila nyuzi 1 ya Selsiasi inaposhuka, urefu wake hupungua kwa takriban sehemu 16 katika milioni. Kikizuiwa kabisa kusinyaa, kupoa kwa nyuzi 100 tu huleta mkazo wa karibu megapaskali 300 (megapaskali ni kipimo cha mkazo). Chuma hicho kikiwa kimelainishwa kwa joto huanza kupinda bila kurudi umbo lake kabla ya kufika hapo, na huku leza imekipandisha hadi kuyeyuka, karibu nyuzi 1,400. Hakuna mpangilio wa mashine utakaofuta hesabu hiyo. Unaweza kuipunguza makali: njia za leza ziwe fupi, mwelekeo wake ugeuzwe kila tabaka (pembe ya nyuzi 67 ni desturi iliyoenea), bamba lipashwe moto. Mashine zinazotumia miali ya elektroni huchapa titaniamu ndani ya poda yenye joto la nyuzi zaidi ya 600, na vipande vyake hutoka na mkazo mdogo sana.

Nguzo za kushikilia nazo husifiwa kwa kazi isiyo yao. Haziondoi mkazo. Hupitisha joto na kuzuia kingo zisiinuke zikagongwa na kisu cha kusambaza poda. Nguzo ikiwa imara, mkazo umefungiwa ndani vizuri zaidi. Na wanaosema kipande kikae wiki kadhaa kabatini kipumzike, wanapoteza wiki: chuma, titaniamu na nikeli havipumziki kwa joto la chumbani. Vinataka tanuri, na viingie vikiwa bado juu ya bamba.

Hata tanuri lina dhana yake, nayo ndiyo inayoniuma zaidi kwa sababu hupata watu waangalifu: kwamba kanuni ya metali iliyofuliwa inafaa pia kwa metali iliyochapwa. Kwa aloi ya nikeli 625, utaratibu uliozoeleka ulikuwa nyuzi 870 kwa saa 1. Watafiti wa NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, waliuchunguza kwenye vipande vilivyochapwa wakakuta vijibamba vya delta, aina ya fuwele za nikeli na niobiamu, vimekua haraka ndani yake, vitu ambavyo huweza kupunguza uwezo wa aloi kunyumbuka kabla ya kukatika. Sababu ni kwamba aloi inapoganda chini ya leza, niobiamu na molibdenamu hujikusanya kwenye vijimpaka vidogo sana, na delta hupata pa kuanzia. Kwa nyuzi 800 kwa saa 1, vijibamba hivyo vilikuwa vidogo zaidi.

Wengine huona kila mkazo ni adui. Swali la kuuliza ni: uko wapi, na unavuta au unasukuma? Mkazo wa kusukuma ukiwa kwenye uso husaidia, kwani huubana ufa usifunguke. Ndiyo maana watu hupiga uso wa metali kwa vitembe vya chuma makusudi. Kipande kilichotoka kuchapwa kina mpangilio wa kinyume: uso unavuta, moyo unasukuma, na jumla ya nguvu zote ni sifuri. Ukipima uso wake kwa eksirei za kawaida za maabara, unasoma kina cha mikroni chache tu. Kufika moyoni bila kukata kunahitaji nyutroni au eksirei kali za sinkrotroni, mashine kubwa inayozungusha elektroni kwa kasi. Na ukichonga upande mmoja wa kipande ambacho hakijapita tanurini, umeondoa sehemu ya kilichokuwa kikivuta. Kilichobaki hutafuta mizani mpya, na mizani hiyo huja na umbo jipya.