Aliyeua akafungwa maisha: atoke lini, na nani aamue?

Kila mara mtu aliyeua anapoonekana tena mtaani, iwe Katuba, iwe Kenya, iwe Ruashi, komini zetu za Lubumbashi, simu yangu inaanza kulia. "Metre, huyu si walimpa maisha? Sasa ametoka namna gani?" Mimi ni avoka wa kesi za jinai hapa Lubumbashi, nimetetea watu walioua na nimesimama pia upande wa familia za marehemu, na nikiwajibu watu kwa simu hawaniamini, kwa hiyo leo naandika.

Tuanze na sheria yenyewe, maana wengi wakisikia maisha wanafikiri ni mpaka jeneza. Hapana. Kodi penali yetu, yaani kitabu cha sheria za jinai, ni dekre ya 30 Januari 1940, ya wakati wa Wabeleji bado, imerekebishwa mara nyingi lakini mifupa ni ile ile. Artikle ya 35 inasema mfungwa wa kawaida anaweza kutolewa kwa masharti akishamaliza robo ya kifungo chake, mradi amepitisha miezi tatu ndani. Na aliyefungwa maisha? Akipitisha miaka tano. Ndiyo, umesoma vizuri, miaka tano. Anayetia sahihi ni waziri wa sheria kule Kinshasa, akishapata maoni ya parke, yaani ofisi ya waendesha mashtaka, na ya direkta wa gereza.

Linganisha na kwingine uone. Ujerumani aliyefungwa maisha anaanza kuangaliwa baada ya miaka 15, Ufaransa kwa kawaida 18, Afrika Kusini 25. Hata ile mahakama ya kimataifa ya jinai ya La Haye, iliyowahukumu wababe wetu wa vita akina Lubanga na Ntaganda, kwa mfungwa wa maisha wanakaa kuangalia upya baada ya miaka 25. Sisi tano! Mtu akisikia hiyo anashika kichwa, na mimi sikatai kwamba kwa damu ya mtu ni kidogo mno, mtoto ambaye baba yake aliuawa akiwa darasa la kwanza hata masomo ya msingi hajamaliza.

Lakini kitu ambacho watu hawaoni ni kwamba karibu hakuna anayetoka kwa huo mlango. Dosye, yaani faili, ya kutolewa kwa masharti ni makaratasi: kopi ya hukumu, hesabu ya muda aliokaa, maoni ya direkta, maoni ya parke, halafu yote yapande ndege mpaka Kinshasa yakalale kwenye kabati la mtu. Niliwahi kushika dosye ya mzee mmoja, alikuwa amefungwa karibu nusu ya umri wake, ndani mlikuwa na karatasi ya maoni yenye mistari miwili tu: tabia nzuri, hana ugomvi. Basi. Hakuna aliyeuliza atalala wapi akitoka, nani atampokea, yule aliyeuawa alikuwa jirani au mgeni, wale watoto wa marehemu wanakaa wapi leo. Na hiyo "tabia nzuri" nayo tuiseme wazi, gereza zetu zinaongozwa nusu na wafungwa wenyewe, kuna makapita, wafungwa wanaosimamia wenzao, na kapita anayemsaidia direkta kuweka utulivu ndiye anayeonekana ana tabia nzuri, wakati yule anayenyamaza kwenye kona yake, anasali, anashona viatu, direkta hata jina lake halijui.

Sasa kama hawatoki kwa mlango wa kondisioneli, yaani huko kutolewa kwa masharti, wanatoka wapi? Wanatoka kwa milango ambayo hakuna mtu amesimama.

Wa kwanza ni grasi. Katiba ya 2006, artikle ya 87, inampa rais haki ya kusamehe, kugeuza au kupunguza adhabu. Mara nyingi inakuja kwa mkupuo, ordonansi moja inagusa kundi zima, waliohukumiwa hivi wanapunguziwa vile. Mnakumbuka Eddy Kapend, aliyehukumiwa kifo mwezi wa kwanza 2003 katika kesi ya kuuawa kwa rais Mzee Laurent-Désiré Kabila, yeye mwenyewe siku zote akikataa kwamba alihusika. Alitoka gereza la Makala, Kinshasa, mwezi wa kwanza 2021 kwa msamaha wa rais. Wako waliofurahi, wako waliokasirika, mimi ninachokiona kama mtu wa sheria ni kwamba msamaha haukujibu swali hata moja: kama alionewa, msamaha haujamsafisha, na kama hakuonewa, haujasema amebadilika. Grasi haiulizi.

Wa pili ni kutoroka. Oktoba 2020 gereza la Kangbayi kule Beni lilishambuliwa, zaidi ya wafungwa 1,300 wakatoka usiku mmoja. Januari 2025 gereza la Munzenze la Goma likamwagika vita vilipoingia mji, mwezi uliofuata Bukavu nayo. Na hapa kwetu gereza la Kasapa mwezi wa tisa 2020 wafungwa walijaribu, na kilichowapata wanawake waliofungwa mle kwa siku zile hata kukiandika ni kizito. Katika hao waliokimbia kuna aliyeiba simu na kuna aliyekata mtu panga, ukuta ukianguka hauchagui.

Wa tatu ni franga, yaani rushwa. Huo mnaujua, tuuache.

Ndiyo maana mtu akiniambia "Metre, muuaji asitolewe mapema, usalama wetu kwanza", namwambia sawa, lakini angalia vizuri unachokataa. Kutolewa kwa masharti ni njia pekee ambayo mtu anatoka akiwa bado ameshikwa na kamba: akifanya upumbavu, akivunja masharti, anarudishwa ndani bila kesi mpya. Wa grasi hana kamba. Wa kutoroka hana kamba. Ukifunga huo mlango mmoja unabaki na ile mingine.

Afrika Kusini walipitia hii shida mbele ya dunia nzima. Janusz Waluś alimuua Chris Hani, kiongozi wa chama cha kikomunisti, tarehe 10 Aprili 1993, akahukumiwa kifo, baadaye ikageuzwa kuwa maisha. Mawaziri wakakataa kumtoa mara kwa mara, mpaka Novemba 2022 Mahakama ya Katiba ikaamuru atolewe kwa masharti. Hoja yao ni rahisi na ngumu kwa wakati mmoja: uzito wa kosa hautabadilika kamwe, kwa hiyo ukiutumia peke yake kukataa leo, utautumia kesho na hata miaka mia. Mjane, mama Limpho Hani, alikasirika sana, na nani amlaumu? Kwa sheria naona majaji walikuwa sawa. Ila hasira ya mjane nayo haikuwa makelele, ni sehemu ya dosye.

Hapo ndipo sisi tunaharibu zaidi. Mama mmoja, namwita mama kwa heshima, mumewe aliuawa kwenye ugomvi wa lutuku, ile pombe kali ya kienyeji, alikutana na aliyemuua sokoni, anachagua nyanya. Hakuna aliyekuwa amemwambia chochote. Alikuja ofisini siku hiyo hiyo na kikapu bado kimejaa, hakulia, aliniuliza tu: "Metre, mlimtoa lini?" Nilifuatilia, nikakuta ametoka kwa grasi, kihalali kabisa. Mama akasema hata kumchukia alishachoka, shida yake ni kijana wake wa kiume, akijua huyu yuko mtaani itakuwaje. Tukaitisha wazee wa pande mbili, mazungumzo marefu, yule bwana akakubali kuhamia Likasi kwa ndugu zake. Kazi hiyo ilipaswa kufanywa na serikali kabla hajatoka, imefanywa na wajomba na shangazi kwenye viti vya plastiki.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na najua mavoka wenzangu hawatakubaliana wote. Mlango ubaki, lakini miaka tano ifutwe kwa aliyeua, mimi ningeweka 15 ndipo aombe, kuomba tu, si kupata. Aamue jaji akiwa amekaa, amemwona mtu mwenyewe, na si waziri anayetia sahihi majina ambayo hajawahi kuyaona sura. Familia ya marehemu iarifiwe na isikilizwe, si ili iwe na kufuli mkononi, maana ukiwapa familia kura ya mwisho utaona wenye ng'ombe na nyumba wanatoka na maskini wanabaki, ila iseme inaogopa nini na wapi. Na tutofautishe. Aliyemchoma mtu kisu akiwa amelewa akiwa na miaka 22, leo ana 45, huyo kote duniani wanaochunguza wanaona hatari yake inashuka na umri. Anayeua kwa kulipwa ni mtu mwingine kabisa.

Kuna na hawa wa hukumu ya kifo, kuua kwa kupanga. Nchi haijanyonga wala kupiga risasi mtu kwa hukumu tangu 2003, ingawa Machi 2024 serikali ilitoa waraka wa kuondoa zuio la kutekeleza hukumu za kifo. Wao artikle ya 35 haiwagusi, inasema maisha, haisemi kifo. Mpaka kwanza rais ageuze adhabu yao kuwa maisha, ndipo hesabu ya kondisioneli inaanza kuwa na maana. Familia nyingi zinapoteza franga kwa mtu anayewaahidi kondisioneli kwa mfungwa wa kifo, msimpe hata mia.

Mwenye ndugu ndani, cha kwanza tafuteni kopi ya hukumu ku grefu, ofisi ya makaratasi ya mahakama, sasa hivi, msingoje. Gereza likiungua au likivunjwa makaratasi yanakwenda nayo, na bila hukumu hakuna anayeweza kuhesabu miaka. Na mwenye marehemu, andika barua parke ukiweka namba ya dosye, adresi yako na simu, uombe ijulikane kwamba unataka kuarifiwa. Sheria haiwalazimishi kukupigia, lakini barua yenye muhuri wa kupokelewa ikiwa ndani ya dosye, atakayeandika maoni lazima ataiona.