Unaanza kushindilia risasi mwenyewe? Anza na kichwa

Kiswahili kinatuponza kidogo katika fani hii. Neno "risasi" tunalitumia kwa kitu kizima kinachoingia kwenye chemba, tunalitumia kwa kipande kinachoruka kwenda kwenye shabaha, na bado ndilo jina la madini mazito ya kijivu yaliyomo kwenye betri ya gari. Mtu akinipigia simu kuniambia "risasi yangu imeharibika", lazima nimuulize ni ipi kati ya hizo tatu. Basi tuelewane mapema. Humu risasi ni kitu kizima: ganda la shaba ya manjano, fataki kitakoni, baruti tumboni, na kichwa mdomoni. Kichwa ndicho kinachotoka kwenye mtutu. (Na fataki hapa ni ile ya bunduki, si yule mzee wa matangazo ya zamani ya redio Tanzania aliyekuwa akirubuni wanafunzi.)

Kituo chetu cha mafunzo ya shabaha kiko Texas, na darasani kwangu hupita Wakenya wa Dallas, Wakongo wa Fort Worth na Watanzania wachache. Wengi ni watu wa Jumamosi. Wanapiga karatasi kwa yadi 100, wanacheka, wanaenda kuchoma nyama. Hawashindani na wengi hawawindi. Siku wanapochoshwa na bei ya dukani huanza kuokota maganda yao na kuuliza namna ya kuyashindilia upya. Mzee mwenye gobore alilijua neno hilo, kushindilia, kabla yetu sote. Yeye alimimina baruti na vipande vya chuma kwa kukadiria. Sisi hatukadirii.

Kabla ya kununua chochote, angalia hati zako. Sheria ya shirikisho ya Marekani humruhusu mtu kujitengenezea risasi za matumizi yake bila leseni. Leseni inahitajika anapotengeneza za kuuza. Lakini aliye nchini kwa viza ya muda, ya masomo au ya kazi, kwa kawaida haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa anaingia kwenye misamaha michache, kwa mfano ana leseni halali ya uwindaji. Mwenye green card haguswi na katazo hilo. Nimewahi kumrudisha kijana wa chuo mlangoni, kwa heshima, kwa sababu hiyo tu. Majimbo nayo yana sheria zao. Na ukirudi likizo Tanzania, uache ufundi huu huku huku: Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 haina mzaha na mtu anayetengeneza risasi bila kibali.

Sasa kichwa. Wanafunzi wengi huja wakiulizia baruti, kwa kuwa ndiyo inayotisha. Mimi nawaambia wafungue kitabu cha vipimo waone kilivyopangwa: kwanza jina la risasi, kisha uzito na aina ya kichwa, na chini yake ndipo zinakuja baruti na kiasi chake. Kipimo cha baruti ni mali ya kichwa fulani. Ukibadilisha kichwa, hata kama uzito ni uleule, kipimo ulichokuwa nacho si chako tena, maana umbo, urefu na ugumu wa kichwa hubadilisha mgandamizo ndani ya chemba. Kwa hiyo kanuni yangu ya kwanza kwa anayeanza: kichwa kisichokuwemo kwenye kitabu chako usikinunue, hata muuzaji akikuuzia kwa bei ya bure.

Kipenyo hakina mjadala. Risasi ya .223 Remington hutumia kichwa cha inchi .224. .308 Winchester na .30-06 Springfield zote hutumia cha inchi .308. Tatizo huja kwa sisi tuliokua tukizisikia namba hizi kwenye taarifa za habari. Mkenya anajua G3 ya polisi ni 7.62. Mtanzania anajua SMG, ile ambayo dunia inaiita AK, nayo ni 7.62. Jina moja, vichwa viwili: cha G3 ni inchi .308, cha SMG huwa .310 au .311. Tofauti ni unene wa unywele, lakini kichwa kinene kikilazimishwa kwenye mtutu mwembamba, mgandamizo hupanda sentimita chache kutoka usoni pako. Soma namba ya inchi kwenye boksi, usisome jina.

Uzito ndio unaowatesa watu. Hupimwa kwa greni; greni moja ni kama gramu 0.065, hivyo kichwa cha greni 55 ni gramu tatu na nusu hivi. Miaka michache nyuma ndugu mmoja dereva wa malori alikuja na bunduki ya zamani ya .223 na boksi la vichwa vya greni 77, amesikia kwamba vizito havisumbuliwi na upepo. Ni kweli havisumbuliwi sana. Tulipoitazama karatasi yake ya yadi 100 tukakuta matobo matano kati ya kumi, na si ya mviringo: marefu, kama mtu amepigilia msumari ukiwa umelala. Mengine matano hayakuigusa karatasi kabisa. Yeye alikuwa ameshalegeza na kukaza skurubu za darubini mara tatu.

Darubini haikuwa na kosa. Ndani ya mtutu kuna mifuo iliyojisokota, kazi yake ni kukizungusha kichwa kama mtoto anavyoizungusha pia, kile kidude cha kuchezea, kwa kamba. Pia ndefu inataka izungushwe kwa kasi zaidi kuliko fupi, la sivyo inayumba na kulala. Mtutu wake ulikuwa na msokoto wa mzunguko mmoja kwa kila inchi 12, uliotengenezwa kwa vichwa vifupi vya greni 55. Vile vya 77 vilitoka mdomoni vikaanza kubiringika hewani.

Aliyeliweka jambo hili kwenye hesabu ni mwanahisabati Mwingereza, George Greenhill, aliyefundisha maafisa wa mizinga kule Woolwich. Mnamo 1879 alitoa kanuni inayohusisha msokoto na urefu wa kichwa. Zingatia hapo: urefu, si uzito. Sisi husema greni kwa sababu ndizo zimeandikwa kwenye boksi, na kwa vichwa vya kawaida kizito huwa ndicho kirefu. Ukihamia vichwa vya shaba tupu mambo hubadilika. Sentimita moja ya ujazo wa madini ya risasi ina gramu 11.3, ya shaba haifiki gramu 9. Kwa uzito uleule, kichwa cha shaba tupu lazima kiwe kirefu zaidi, kitataka msokoto wa kasi zaidi, na kitakula nafasi ya baruti ndani ya ganda. Kina kipimo chake kitabuni, usiazime cha jirani.

Kuupima msokoto ni kazi ya dakika tano, bunduki ikiwa tupu, na ukaguzi wa utupu ufanywe mara mbili. Chukua ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka, uufunge kitambaa kinachobana kwenye mifuo, uusukume kupitia mdomoni hadi ushike na kuingia karibu wote. Weka alama ya kalamu juu ya ufito, usawa na mdomo wa mtutu. Vuta taratibu nje huku ukiitazama alama inavyozunguka, na ikirudi juu, pima ufito umetoka inchi ngapi. Ukipata 12, baki na greni 55 au chini yake kwa .223. Ukipata 9, una uhuru wa kutoka 55 hadi karibu 69. Saba inabeba hadi 77. Kwa .308 maisha ni rahisi: greni 150 hadi 168 hufanya kazi kwenye karibu kila mtutu utakaokutana nao.

Kuhusu umbo nitakuwa mfupi, maana matangazo ya viwanda yameshasema mengi kuliko inavyohitajika. Kwa karatasi ya Jumamosi nunua kichwa cha madini ya risasi kilichovikwa koti la shaba, cha kawaida kabisa, cha bei ya chini. Kile chenye tundu dogo nchani, cha mashindano, hulenga vizuri zaidi kwa sababu koti lake hufungwa kitakoni na kuachwa wazi mbele, na kitako kilicho sawa ndicho kinachoamua kichwa kitatokaje mdomoni. Lakini utofauti huo utauona siku mkono wako utakapokuwa umetulia, na kwa mwaka wa kwanza kinachotikisika ni mkono. Kitako kilichochongoka kama tezi ya jahazi na kile kilichokatwa bapa havitofautiani vya maana ndani ya yadi 200, ila kilichochongoka huingia kirahisi kwenye mdomo wa ganda, na anayeanza hushukuru.

Hapa sitanii hata kidogo: bunduki ya wenzo, ile ya makauboi, yenye bomba la risasi chini ya mtutu, haipewi kichwa chochote cha madini chenye ncha kali. Ndani ya bomba risasi hukaa zikifuatana, ncha ya moja ikigusa fataki ya iliyo mbele yake. Mtikiso wa kufyatua unatosha kulipua. .30-30 Winchester imekuwa ikilishwa vichwa bapa au vya mviringo tangu 1895 kwa sababu hiyo.

Jambo la mwisho dukani ni sumaku. Ibebe mfukoni. Ikishika kichwa, ndani au kwenye koti kuna chuma, na viwanja vingi vya shabaha vitakirudisha getini kwa kuwa hutoa cheche na huharibu kinga za nyuma. Watafiti wa Huduma ya Misitu ya Marekani walipovifyatulia vichwa kwenye bamba la chuma mwaka 2013, vyenye chuma na vile vya shaba tupu vilikuwa vyepesi kuwasha mabaki makavu ya mimea chini. Anayeishi Texas mwezi wa Agosti anajua majani makavu ni nini.

Sasa lile neno risasi kwa maana yake ya tatu. Koti la shaba halikukingi kabisa, kwa sababu vichwa vingi vya bei nafuu huwa wazi kitakoni, na fataki nyingi zina mchanganyiko wa risasi ambao hugeuka vumbi na moshi. Usishindilie kwenye meza mnayolia chakula. Usifagie sehemu hiyo kwa ufagio mkavu, ipanguse kwa kitambaa kibichi. Nawa kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto, na nguo za uwanjani zifuliwe peke yake. Tangu 2021 CDC, taasisi ya afya ya Marekani, imeweka mikrogramu 3.5 kwa desilita ya damu kuwa kiwango cha kumfuatilia mtoto, na hicho ni kidogo mno. Mwenye mjamzito au mtoto mchanga nyumbani, mimi humshauri ahamishie shughuli hii gereji.

Ukishajua kipenyo, msokoto na ukurasa wako kitabuni, nunua boksi moja la vichwa 100, si 1,000. Shindilia kumi kwa kipimo cha kuanzia kilichoandikwa, piga makundi mawili ya risasi tano tano, karatasi iandike tarehe kwa kalamu. Makundi yakiridhisha, yaani matobo yakikaa karibu karibu, rudi dukani ununue 500 za aina ileile, na ukiweza za namba ileile ya uzalishaji iliyogongwa ubavuni mwa boksi. Yule dereva wa malori sasa anatumia greni 55 zenye koti la kawaida, kundi lake la matobo matano linafunikwa na kifuniko cha chupa ya soda, na zile 77 zimebaki pale dirishani kwangu, za kuonyeshea darasa.