Mwaka 2022 juu ya nguzo: alumini ya Machi, mgao wa Novemba na Kombe la Dunia

Ratiba ya kazi ambayo mkandarasi wa laini za umeme huiambatisha kwenye zabuni huchorwa kana kwamba mradi unaishi peke yake duniani. Survei wiki sita, nguzo miezi mitatu, kuvuta waya miwili, kisha kuwasha. Humo hakuna mstari wa vita, hakuna bandari iliyofungwa, hakuna mpira. Mwaka 2022 ulikuwa na vyote, na ndiyo maana nautumia kuwaeleza mainjinia wachanga jinsi habari za dunia zinavyofika hadi kwenye shimo la nguzo kijijini. Ninazungumzia laini za msongo wa kati za kilovolti 33 na laini za msongo mdogo zinazotoka kwenye transfoma, kazi za aina ya miradi ya REA, Wakala wa Nishati Vijijini, Tanzania Bara.

Mwaka ulianza kwa utulivu. AFCON ilichezwa Cameroon kuanzia tarehe 9 Januari hadi 6 Februari, Senegal wakabeba kombe lao la kwanza, na kwa kuwa Taifa Stars haikuwepo hata vibarua hawakuomba ruhusa. Alumini kwenye soko la metali la London ilikuwa karibu dola 2,800 kwa tani. Tarehe 24 Februari Urusi ikaivamia Ukraine. Urusi ni miongoni mwa wazalishaji wakubwa wa alumini, na sehemu kubwa ya gharama ya kuiyeyusha ni umeme, kwa hiyo gesi ilipopanda Ulaya alumini nayo ikapanda. Tarehe 7 Machi bei ilivuka dola 4,000.

Tuiweke bei hiyo kwenye waya. Waya wa ACSR wa milimita za mraba 50, ule unaoitwa Rabbit, una nyuzi 6 za alumini na 1 ya chuma katikati, kila uzi ukiwa na kipenyo cha milimita 3.35. Kilomita moja ina uzito wa kilo 214, na kati ya hizo alumini ni kama kilo 145. Laini ya kilomita 50 yenye nyaya tatu, ukiongeza asilimia 5 ya mlegeo, viungo na mabaki ya drumu, inahitaji waya wa kilomita 157.5. Hapo unapata tani 22.8 za alumini. Tofauti ya dola 1,200 kwa tani inakuwa zaidi ya dola 27,000, kabla hujagusa vikombe vinavyotenga waya na nguzo, kros-amu za kuvibeba wala transfoma, ambayo nayo ina shaba au alumini, chuma cha silikoni na mafuta. Kwa mkandarasi wa daraja la kati hiyo ndiyo faida ya mradi.

Ofa ya kiwanda cha waya huwa na muda wa kuishi. Siku za kawaida ni 30. Machi ile ofa nyingi zilishuka hadi siku chache, huku zabuni zikidai bei isiyobadilika kwa siku 90 au 120. Pengo hilo ndilo linaloua kampuni. Dawa yake si kukuza bei kwa kubahatisha. Omba kiwanda kitenganishe bei ya metali na gharama ya kutengeneza, halafu metali ihesabiwe kwa bei ya London ya siku ya oda. Ukipata kazi, toa oda ya waya wiki ileile, hata kama survei haijaisha. Urefu wa laini hautabadilika kwa zaidi ya asilimia chache, na waya hauozi.

Mikataba mirefu huwa na fomula ya marekebisho ya bei. Sehemu isiyobadilika ni a, kisha kila kundi la gharama lina uzito wake unaozidishwa kwa faharasa (namba inayofuatilia bei ya sokoni) ya sasa ikigawiwa kwa faharasa ya msingi. Wengi wanaiona kama bima, na wanasahau kwamba inakata pande zote mbili. Katika mikataba ya FIDIC, mikataba ya ujenzi ya kimataifa, tarehe ya msingi ni siku 28 kabla ya mwisho wa kuwasilisha zabuni. Aliyewasilisha tarehe 5 Aprili 2022 alikuwa na tarehe ya msingi ya 8 Machi, siku moja tu baada ya kilele. Alumini ilishuka, Septemba ikawa karibu dola 2,200. Kama uzito wa alumini kwenye fomula yake ni 0.25, na tuseme faharasa ya msingi ilinasa 4,000 ya kilele, uwiano wa 2,200 kwa 4,000 ni 0.55, na hati yake ya malipo inakatwa zaidi ya asilimia 11. Kama waya alishaununua Aprili kwa bei ya juu, amepigwa mara mbili. Kwa hiyo soma fomula kabla ya kuandika bei, na uangalie faharasa iko wapi kwenye mlima wake. Ikiwa kileleni, omba katika hatua ya maswali ya zabuni watumie wastani wa miezi kadhaa. Mara nyingi watakataa, lakini ukishajua hilo utanunua kwa akili.

Bahari na mafuta nitavipita haraka. Shanghai ilifungwa kwa korona tangu mwisho wa Machi hadi tarehe 1 Juni, na vifaa vidogo kama vikombe vya polima, dropauti (fyuzi za juu ya nguzo) na vizuia radi vikachelewa. Laini yenye nguzo na waya lakini haina dropauti haiwashwi, na malipo ya mwisho hayatoki. Dizeli Dar es Salaam ilivuka shilingi 3,000 kwa lita mwezi Mei, na kuanzia Juni serikali ikaweka ruzuku ya shilingi bilioni 100. Bei kikomo za EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutoka Jumatano ya kwanza ya mwezi, kwa hiyo safari kubwa za kubeba nguzo kutoka Mufindi hupangwa ukishaisoma. Tarehe 23 Agosti ilikuwa mapumziko ya sensa. Kifo cha Malkia Elizabeth II mwezi Septemba kilijaza taarifa za habari kwa majuma na hakikuongeza hata senti kwenye bei ya boliti.

Ukame ulikuwa na sura mbili. Masika yalikuwa haba na vuli zikachelewa, hivyo malori yalipita kwenye mbuga ambazo mwaka wa mvua hazipitiki. Nguzo ya mita 12 inazikwa mita 1.8, kwa kanuni ya sehemu ya kumi ya urefu kujumlisha mita 0.6, na ile ya mita 9 inazikwa mita 1.5. Ardhi ikikauka vibarua hukata tamaa kwenye mita 1.2, fundi asiyesimamia akaisimamisha hivyohivyo. Juu ya ardhi haionekani. Itaonekana mvua ya kwanza kubwa, nguzo za kona zikiinama upande wa mvuto. Pima kila shimo kwa kijiti chenye alama kabla nguzo haijaingia, kwa sababu ikishaingia umebaki na alama ya kiwandani iliyochongwa kwenye nguzo, nayo inakusaidia tu ukijua iko mita ngapi kutoka kitako.

Kinachosumbua zaidi mwaka mkavu ni ethi ya transfoma, yaani fimbo zinazoiunganisha na ardhi. Fimbo moja inayosoma oumu 8 mwezi wa Aprili inaweza kusoma 30 mwezi wa Oktoba, maana udongo unapitisha umeme kwa unyevu. Mhandisi anayekagua anataka namba iliyo kwenye mkataba, na hapo ndipo mtu humwaga ndoo za maji ya chumvi saa moja kabla ya ukaguzi. Mita inakubali, cheti kinasainiwa, chumvi inaanza kula viungo. Njia ya haki ni kuongeza fimbo, ila zisibanane: umbali kati ya fimbo na fimbo usipungue urefu wa fimbo yenyewe, na ukiweza uwe mara mbili. Fimbo tatu zilizosongamana kwenye mita moja zinafanya kazi kama fimbo moja nene.

Halafu Novemba ikaleta mambo mawili kwa mpigo. Mabwawa yalikuwa yamepungua na TANESCO ikaingia kwenye mgao. Tarehe 20 Novemba Kombe la Dunia likaanza Qatar, nchi ambayo saa zake ni sawa na zetu. Mechi za raundi mbili za kwanza za makundi zilianza saa 7 mchana, saa 10 jioni, saa 1 usiku na saa 4 usiku, kwa hiyo kila kibanda umiza kilikuwa na wateja tangu mchana mpaka usiku wa manane, na kila mwenye kibanda mwenye akili alikuwa na jenereta.

Kwa fundi aliye juu ya nguzo hakuna mchanganyiko mbaya kuliko huo. Transfoma haina mlango wa kwenda upande mmoja. Transfoma ya kijijini ya kilovolti 33 kwa volti 400 ina koili za pili za volti 231 na koili za kwanza za volti 33,000, uwiano wa kama 143. Mwenye kibanda akichomeka jenereta kwenye soketi ya ukutani bila kuzima swichi kuu, volti 230 zinarudi kwenye laini ndogo, zinapanda transfoma, na kati ya nyaya mbili za juu unapata volti karibu 33,000. Mara nyingi jenereta ndogo inaelemewa na nyumba za jirani ikazima. Mara nyingi si kila mara. Kama waya wa nyumba hizo umekatika, au fyuzi zao zimefunguliwa kwa ajili ya kazi, jenereta haina mzigo na inasukuma vizuri tu.

Kwa hiyo mgao si kibali cha kufanya kazi. Laini iliyo kwenye mgao inaweza kuwashwa na mtu wa kituo ambaye hajui kama upo. Hatua ni zilezile, na Novemba 2022 hazikuwa na ruhusa ya kufupishwa: kibali cha maandishi, fungua swichi na dropauti, funga kufuli na bango, pima kwa kipima volteji ulichokijaribu kwanza kwenye laini yenye umeme, kisha weka ethi ya muda. Bano la ardhini linafungwa kwanza, la kwenye waya mwisho. Ukiondoa ni kinyume chake. Ethi ziwe pande zote mbili za unapofanya kazi, na upande wa msongo mdogo pia, kwa sababu jenereta inakuja kutoka huko. Ikiwa una seti moja tu, kazi hiyo haifanyiki siku hiyo.

Tarehe 29 Novemba Ihefu waliifunga Yanga 2-1 kule Ubaruku, Mbarali, na rekodi ya mechi 49 za ligi bila kupoteza ikaishia hapo. Nauliza tu kama kuna aliyepata kibali cha kuzima umeme Mbarali alasiri ile.

Mpira una faida moja kwetu. Unaonyesha mzigo halisi wa transfoma. Transfoma ya kVA 50 inabeba ampea 72 kwa kila fezi. Mafundi wanaounganisha wateja hupenda fezi iliyo karibu na mkono, matokeo yake fezi moja ina ampea 90 na nyingine mbili zina 20 kila moja. Mbali na transfoma hali huwa mbaya zaidi. Chukua wateja wa fezi moja wanaovuta ampea 40 mwishoni mwa mita 800 za waya wa alumini wa milimita 50: waya una kama oumu 0.54 kwa kilomita, kwenda na kurudi inakuwa oumu 0.87, na volti karibu 35 zinapotea njiani. Zinabaki 195. Televisheni za siku hizi zinafanya kazi bila shida kwa volti hizo, ndiyo maana hakuna anayelalamika mpaka kompresa ya friji iungue.

Vipimo vya makabidhiano hufanywa saa 4 asubuhi, watu wakiwa shamba, na kila fezi inaonekana nzuri. Beba mita ya kubana, ile inayopima ampea kwa kuuzunguka waya, uende saa 2 usiku siku ya mechi kubwa. Pima fezi zote tatu na nyutro kwenye mguu wa transfoma. Nyutro ikisoma zaidi ya nusu ya fezi yenye mzigo mkubwa, chora wateja kwa nguzo, na asubuhi hamisha waya za nyumba kuanzia mwisho wa laini kurudi nyuma. Kuhamisha waya kumi za karibu na transfoma kutasawazisha mita yako, lakini volti za nyumba ya mwisho hazitabadilika.